Daftari Kabla ya Setilaiti

Mji wa Moshi upo takribani nyuzi 3.35 kusini mwa ikweta na nyuzi 37.34 mashariki. Kwenye faili la kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -3.35. Karani wa chama cha ushirika akiisahau alama hiyo, shamba la mwanachama wake linahama kutoka miteremko ya Kilimanjaro na kutua kwenye jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Akiikumbuka alama lakini akachanganya safu, longitudo ikakaa mahali pa latitudo, shamba lilelile linaibukia kusini mwa Hispania, jirani na mji wa Granada. Kahawa ni ileile na mkulima ni yuleyule, ila kwenye kioo cha mnunuzi aliyeko Hamburg mkulima huyo hayupo Tanzania.

Makosa ya namna hii yanachekesha, na ninayatanguliza kwa makusudi. Kwa miaka mitatu sasa mazungumzo kuhusu sheria ya Ulaya ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji misitu yametawaliwa na maneno mazito: hewa ukaa, setilaiti, minyororo ya thamani. Anayekaa kwenye ofisi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, yenye meza moja, mizani na kabati la chuma anaweza kudhani ameandaliwa mtihani wa sayansi ya anga, wakati sehemu kubwa ya mtihani wenyewe ni kutunza daftari.

Tuanze na sheria. Ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, iliyopata nguvu Juni 29, 2023. Inagusa mazao saba: ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao, pamoja na baadhi ya bidhaa zinazotengenezwa kutokana nayo. Ili zao liingie kwenye soko la Ulaya, lisiwe limetoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu na kufyekwa baada ya Desemba 31, 2020. Liwe limezalishwa kwa kufuata sheria za nchi lilikotoka. Na mwingizaji awe amewasilisha tamko kwenye mfumo wa Umoja huo akieleza lilipolimwa, shamba kwa shamba.

Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mara mbili. Awali ilikuwa Desemba 30, 2024. Ikaahirishwa kwa mwaka mmoja, kisha mwishoni mwa 2025 ikaahirishwa tena, na sasa waingizaji wakubwa na wa kati wanatakiwa kuanza Desemba 30, 2026, na wadogo Juni 30, 2027. Kuahirisha huku kumewapa nafuu waliochelewa, lakini pia kumewavunja moyo waliojituma mapema. Chama kilichowatembeza vijana mashambani mwaka 2024 kimejikuta kikiwaeleza wanachama haraka ile ilikuwa ya nini. Hata hivyo, siku ya kupima msitu, yaani Desemba 31, 2020, haijasogezwa hata kwa saa moja, na wanaosubiri ahirisho la tatu wangefaa kulizingatia hilo.

Sheria hii haimshtaki mkulima wa Karagwe wala AMCOS yake. Anayebanwa ni mfanyabiashara anayeingiza kahawa Ulaya. Huyo ndiye anayeweza kupigwa faini, na kiwango cha juu cha faini hiyo kwa kampuni hakitakiwi kuwekwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo woga unaanzia juu na kushuka: mwingizaji anamtaka msafirishaji ampe uthibitisho, msafirishaji anakigeukia chama kikuu, chama kikuu kinaiandikia AMCOS, na barua inamkuta karani ambaye hajawahi kuisoma kanuni yenyewe. Kadiri inavyoshuka, inaongezewa masharti. Nimesikia wakulima wakiambiwa hawaruhusiwi kukata mti wowote shambani, au kwamba kila gunia lazima lisafiri peke yake hadi bandarini. Yote mawili hayamo kwenye kanuni.

Suala la miti ndilo lenye utamu wake. Kihamba cha Mchaga, yaani shamba lake la nyumbani, kina ghorofa: chini magimbi na maharage, juu yake mibuni, kisha migomba, na juu kabisa miringaringa na migrivea. Kibanja cha Mhaya kina mpangilio unaokaribiana na huo, migomba na mibuni vikiizunguka nyumba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Lakini setilaiti haioni urithi. Inaona kijani kimefunika juu, na baadhi ya ramani za misitu zinazotumiwa na wanunuzi huweza kukiita kihamba msitu. Jirani akiondoa mti mmoja mkubwa ili kupata mbao za kupaua nyumba, ramani inaweza kuandika kwamba msitu umepungua. Mkulima aliyetunza kivuli kwa vizazi vitatu anaonekana mkosaji, na yule aliyeng'oa kila kitu zamani akabaki na kahawa ya juani anaonekana safi. Kama kuna kejeli katika jambo hili, ni hiyo.

Kanuni yenyewe ina jibu. Msitu, kwa tafsiri yake, ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi meta 5 na mwavuli wa matawi unaofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, ambalo matumizi yake makuu si kilimo. Mazao yanayolimwa chini ya miti ni kilimo. Kwa hiyo kihamba si msitu, na kuvuna mringaringa ndani yake si kukata msitu kwa mujibu wa kanuni hii, ingawa taratibu za nchi za kuvuna miti zinabaki palepale. Tatizo ni kwamba jibu hilo linahitaji ushahidi, na ushahidi anao mkulima, si mwenye ramani.

Ushahidi upi? Hapa ndipo kabati la chuma linapopata heshima yake. Mbuni huchukua karibu miaka mitatu tangu kupandwa hadi kuzaa mavuno ya kwanza ya maana. Mwanachama aliyepeleka kahawa yake kwenye chama msimu wa 2019 alikuwa na mibuni iliyosimama muda mrefu kabla ya Desemba 2020. Stakabadhi yake ya mapokezi, yenye jina, namba ya uanachama, tarehe na kilo, ni hoja ambayo hakuna ramani inayoweza kuibeza kirahisi. Haimalizi kila kitu, kwa sababu inathibitisha kwamba alikuwa na kahawa bila kuthibitisha kwamba ilitoka kwenye kipande hiki na si kingine. Ndiyo maana huambatanishwa na picha za mibuni mizee yenye mashina manene, maelezo ya serikali ya kijiji, na picha ya zamani ya setilaiti inayoonyesha migomba palepale. Vyama vingi vimekuwa vikichoma au kuuza vitabu vya stakabadhi vya zamani kama karatasi taka za kufungia maandazi. Ningekuwa mjumbe wa bodi, ajenda yangu ya kwanza ingekuwa kufuli la kabati hilo.

Mambo yanabadilika tukihama kutoka vihamba vya zamani kwenda maeneo ya kusini na magharibi ambako kahawa inafungua ardhi mpya. Huko neno la kuogopa si “msitu” bali “pori”. Kwa mkulima, msitu ni ule mnene, wenye giza, uliowekewa mipaka na serikali. Miti ya miombo iliyotawanyika, unayoweza kupita katikati yake na baiskeli, hiyo ni pori tu, na kulifyeka pori ni kufungua shamba. Lakini miombo mingi inazidi meta 5 kwa urefu, na asilimia 10 ya mwavuli ni kidogo sana. Simama katikati ya pori la kawaida mwezi wa Januari uangalie juu, utaona kivuli kinazidi hapo. Aliyefungua shamba la namna hiyo mwaka 2022 kwa nia njema, akapewa miche na kupongezwa na bwana shamba, amepanda kahawa ambayo haitaingia Ulaya hata ikiwa na ladha ya asali. Elimu ya kueleza tofauti kati ya pori na msitu katika lugha ya mkulima ingepaswa kutangulia ugawaji wa miche. Mara nyingi imekuja nyuma yake.

Sasa upimaji. Kanuni inataka mahali pa kila shamba paonyeshwe kwa latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, ambazo ni karibu ekari 10, nukta moja inatosha. Likizidi hapo, mpaka wote unachorwa kwa poligoni. Kwa kuwa vihamba vingi havifiki hata hekta moja, sehemu kubwa ya wanachama wa Kilimanjaro na Kagera wanahitaji nukta moja tu. Tarakimu ya sita, kwa hesabu, ni usahihi wa takribani sentimita 11, wakati simu ya kawaida chini ya migomba inaweza kukosea kwa meta kadhaa, hivyo usahihi huo ni wa karatasi zaidi kuliko wa ardhini. Bado tarakimu hazifai kukatwa. Kwenye eneo lenye vihamba vilivyobanana, ambako mpaka ni mstari wa mimea ya masale tu, namba mbili zikiondolewa mwishoni nukta ya shamba moja inaweza kurukia kwa jirani.

Hata pale nukta inapotosha, ningeshauri wachore mpaka kama muda unaruhusu. Nukta haisemi shamba lina ukubwa gani. Mpaka unasema, na ukubwa ndio unaotoa makisio ya mavuno, ambayo nitayarudia baadaye. Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka mjini. Vijana wa kijiji wenye simu za kawaida na programu inayofanya kazi bila intaneti wanaiweza, kwa sharti moja: data ya mchana ifunguliwe kwenye ramani jioni ileile. Makosa yanayojirudia yanaonekana kwa jicho. Nukta mia mbili zimerundikana mahali pamoja: mtu alizichukua zote ofisini badala ya kutembea. Shamba limeangukia ziwani: safu au alama imekosewa. Mashamba mawili yamelaliana: ama mpimaji alichepuka, ama kuna ugomvi wa mpaka ambao kijiji kinaujua na chama hakikuujua. La mwisho ndilo la kushughulikia kwa staha, ili simu isije ikawa hakimu wa ardhi.

Lakini kabla ya simu kutoka ofisini, kuna kazi ambayo haina mfadhili anayeipenda kwa sababu haipigiki picha. Ni kusafisha daftari la wanachama. Katika vyama vya zamani, majina ya marehemu bado yanauza kahawa. Baba alifariki, mama ndiye anayelima, kijana ndiye anayebeba gunia, na namba ya uanachama ni ya babu. Yupo mwanamke anayepalilia, kuvuna na kuanika kwa miaka yote ilhali daftari halimjui. Yupo mwenye mashamba matatu kwenye vijiji viwili aliyeandikwa kama mtu mwenye shamba moja. Ukipima mashamba na kuyaunganisha na daftari la aina hiyo, utapata ramani nzuri ya watu wasiokuwepo.

Na watu hawajitokezi kuandikishwa kwa sababu tu wameitwa. Ushirika nchini Tanzania una kumbukumbu ndefu. Wakulima wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na chama kikuu chao, KNCU, kikazaliwa mwaka 1933; mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote, na ilichukua miaka kadhaa kabla havijarudishwa. Mzee aliyeyaona hayo, akimwona kijana akizunguka kihamba chake na simu mkononi, anajiuliza maswali mawili: hii ni kodi, au ni kunyang'anywa? Yajibiwe kwenye mkutano mkuu, kwa sauti, na yaingie kwenye muhtasari. Chama kieleze namba hizi zitakwenda kwa nani, zitatumika kwa nini, na nani hataziona.

Tuje kwenye gunia. Hofu ya kwamba kahawa ya kila mkulima itenganishwe peke yake imetokana na kuisoma kanuni vibaya. Kinachokatazwa ni kuchanganya kahawa inayojulikana ilikotoka na isiyojulikana, au safi na chafu. Kahawa za wanachama 300 ambao mashamba yao yote yamehakikiwa zinaweza kumwagwa kwenye rundo moja. Tamko litaorodhesha mashamba yote 300. Hata likiorodhesha mashamba zaidi ya yale yaliyotoa kilo za shehena hiyo, inakubalika, mradi kila moja lililotajwa ni safi. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba shamba moja bovu kwenye orodha linaichafua shehena nzima. Kwa hiyo AMCOS inaweza kujichukulia kama debe moja: ikihakikisha kila kinachoingia kwenye debe, haina haja ya kuhesabu punje zilizomo.

Kutokana na hilo, eneo la hatari si ghalani wala kiwandani, ni mlangoni, pale kwenye mizani. Na hapa Kagera ina ugonjwa wake, butura. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule au matibabu anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Msimu ukifika, mwenye butura anakusanya kahawa ya maganda kutoka mashamba ishirini na kuipeleka chamani kwa jina lake au la ndugu aliye mwanachama. Kwa miaka mingi butura imelaaniwa kama unyonyaji, na ni kweli. Sasa ina kosa la pili: inafuta asili ya kahawa. Ongeza magendo ya kuvuka mpaka kwenda Uganda na yale yanayorudi bei inapogeuka, utaelewa kwa nini karani mwaminifu mwenye kalamu anaweza kuwa na thamani kuliko setilaiti.

Kinga yake ni hesabu rahisi. Kilo mbili za kahawa ya maganda hutoa takribani kilo moja ya kahawa safi baada ya kukobolewa. Ukijua ukubwa wa kibanja, na ukijua eneo hilo kwa kawaida huvuna kiasi gani, unajua mwenye nusu ekari hawezi kuleta tani tatu za maganda. Daftari linalomwekea kila mwanachama makisio ya juu ya msimu linampa karani sababu ya kuuliza bila kuonekana anamshuku mtu. Ila marufuku peke yake haitaiua butura. Inauawa na chama kinacholipa malipo ya awali kwa wakati na kutoa mkopo mdogo mwezi wa Januari, na chama kinachowacheleweshea wakulima fedha miezi minne hakina uso wa kumkemea aliyeuza maua.

Kuhusu uhalali nitasema kwa kifupi. Kanuni haimtaki mkulima awe na hati ya kuchapwa. Inataka ardhi iwe imetumika kwa mujibu wa sheria za nchi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua haki ya kimila hata pale ambapo cheti hakijatolewa. Hati ya hakimiliki ya kimila inarahisisha mambo. Pasipo hiyo, barua na muhtasari wa serikali ya kijiji vina uzito. Penye kutazamwa kwa makini ni kandokando ya hifadhi. Juu ya Kilimanjaro, karibu na ukanda unaoitwa Nusu Maili, nukta moja iliyokosewa inaweza kumpeleka mkulima halali ndani ya mpaka wa hifadhi.

Mwezi Mei 2025 Tume ya Ulaya ilitoa orodha ya viwango vya hatari ya ukataji misitu kwa kila nchi. Kenya iliwekwa kwenye kundi la hatari ndogo, Tanzania na Uganda kwenye la kati. Wengi walilisoma hilo kama msamaha kwa Kenya. Mwingizaji wa kahawa ya Nyeri amepunguziwa kazi ya kutathmini hatari, ila nukta za mashamba bado anazidai. Kwa upande wa ukaguzi, mamlaka za Ulaya zinatakiwa kukagua walau asilimia 1 ya waingizaji wa kundi la chini na asilimia 3 ya kundi la kati. Tofauti ipo, lakini si ya kumfanya mnunuzi mwenye akili aikimbie kahawa nzuri iliyoandikwa vizuri.

Ninachoona kinastahili ugomvi ni umiliki wa data. Msafirishaji mmoja anakuja na programu yake, anapima wakulima 500, anaondoka na faili. Mwaka unaofuata anakuja mwingine, anawapima walewale. Chama kina picha za mafunzo na fulana. Faili hakina. Siku mnunuzi wa tatu anapotoa bei bora, chama kinalazimika kumwomba wa kwanza data za wanachama wake chenyewe, na huyo anajua vizuri kwamba anayeshika faili ameshika mlango. Kwenye mkataba, kabla mtu hajakanyaga shamba, iandikwe kwamba nakala kamili ya data ghafi, katika mfumo unaosomeka na programu yoyote, inabaki chamani, na kwamba mnunuzi anaitumia kwa shehena aliyonunua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina la mkulima, namba yake ya simu na ramani ya shamba lake ni taarifa binafsi, na chama kina hoja ya kisheria ya kusimamia. Gharama nazo zijadiliwe hapohapo. Anayehitaji tamko ni mwingizaji, na kumwachia mkulima bili yote kwa kumkata shilingi kadhaa kwenye kila kilo ni kumgeuza mhudumu wa bure wa ofisi ya mtu mwingine.

Na daftari hilo likishakamilika, halikai. Kihamba hurithiwa kwa kugawanywa: mzee akifariki Agosti, ifikapo Desemba shamba moja limekuwa vipande vitatu, kimoja kimeuzwa kwa mgeni kutoka mjini ambaye si mwanachama, kingine kimejengwa nyumba. Nukta ya mwaka 2024 inabaki ikielea katikati, ikimtaja mtu aliye makaburini. Kagera huanza kuvuna kabla ya Kilimanjaro, mwezi wa Mei hivi, kwa hiyo AMCOS za huko zingehitaji kupitia majina yote kufikia Aprili, kitongoji kwa kitongoji, wajumbe wakiwa wamekaa na mwenyekiti wa kitongoji anayejua nani amezika, nani amegawa na nani ameuza. Ni kikao cha siku moja chenye chai na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu.